Kigawanyo cha sebule na kelele za televisheni

Je, kuweka kigawanyo cha mbao kati ya sebule na meza ya chakula kutamwezesha mtoto kusoma mezani saa mbili kila jioni bila kusumbuliwa na televisheni? Hapana, kigawanyo kisichofika darini hakitamwepusha mwanao na kelele hizo. Kitakachozuiwa ni macho tu. Sauti hupita popote hewa inapopita, hivyo hupanda juu ya kigawanyo, hugonga dari na kuteremka upande wa pili, na ili ipungue kweli huhitajika kitu kizito kinachoziba nafasi yote kuanzia sakafuni hadi darini bila kuacha mwanya. Nyumbani kwangu tuliweka fremu ya mbao yenye kimo cha mita 1.8, na taarifa ya habari ikawa inasikika mezani neno kwa neno. Tulipoweka mahali pake rafu iliyojaa vitabu na pazia zito lenye mikunjo mingi, ukali wa sauti ulipungua kidogo, kwa kuwa kitambaa na vitabu hunyonya sehemu ya mwangwi, lakini haukwisha.

Ukiamua kujenga kiambaza cha jipsamu hadi juu, tazama kwanza madirisha yako upande gani, kwa sababu katika joto la pwani upepo unaoingia sebuleni na kutokea upande wa pili ndio unaoipoza nyumba, na sehemu itakayokosa dirisha itabaki na giza na fukuto mchana kutwa. Kwa saa mbili za masomo ya jioni, mimi ningehamishia meza ya mtoto chumbani na kufunga mlango.