Jibu: Dagaa wana mchanga na mboga inakuwa chungu

Habari dada. Umesema dagaa unawaosha mara nyingi, bado mchanga unakwaruza meno na mboga inakuwa chungu.

Kwanza waangalie kabla ya maji. Dagaa wazuri wanang'aa kama fedha. Wakiwa wa njano na wananuka mafuta ya zamani, wameshachacha, na uchungu huo hautoki kwa kuosha. Ukienda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, uliza walioanikwa kwenye chanja. Walioanikwa chini ardhini ndio wenye mchanga.

Mchanga sasa. Wakaange wakavu, bila mafuta, moto mdogo, kisha wapepete kwenye ungo. Halafu maji ya uvuguvugu, na hapa ndipo wengi wanapokosea: usimwage maji pamoja na dagaa. Waopoe kwa mkono kutoka juu, maana mchanga umetulia chini. Rudia mpaka sakafu ya bakuli iwe safi.

Uchungu mwingine uko kichwani na tumboni. Bibi alitukalisha wajukuu wote jioni tuvitoe, dagaa mmoja mmoja, na mboga yake hata watoto wadogo walimaliza. Inachosha, lakini fanya. Kisha kitunguu, nyanya, na ndimu mwishoni.