Ndoana na Mshipi: Sanduku Kutoka Texas

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa vijana, na karibu zote zinauliza habari za chambo bandia, yaani vile vitu vya mti, bati na plastiki ambavyo samaki huviuma ingawa haviliki. Nimefurahi sana. Kazi yangu ni ufundi wa mashine za boti hapa Sahare, Tanga, lakini miaka mitatu ya ujana wangu niliimalizia Naivasha, Kenya, kwenye boti za kambi moja ya wageni kando ya ziwa, na huko ndiko nilikofundishwa kumvua samaki aitwaye besi. Kwa hiyo leo nitajibu kwa marefu kidogo.

"Shikamoo mjomba. Kaka yangu anaishi Texas, Marekani, amenitumia sanduku la vyambo vya kuvulia besi. Mna minyoo ya plastiki kama sitini, samaki wa mti watano wenye ulimi wa plastiki kidevuni, vyura wawili wa mpira, vitu vyenye mabati yanayozunguka, na chubwi zilizoshikana na ndoana zikavishwa nyuzi za mpira. Nikirusha Mto Zigi napata majani tu. Kila kimoja kinatumiwaje, na huku Tanga kitanifaa nini?" (Msomaji, Chumbageni)

Marahaba mpwa wangu. Kwanza umjue mwenye sanduku. Besi ni samaki wa maji baridi, asili yake Amerika Kaskazini, mwenye mdomo mpana kiasi kwamba taya la juu linapita nyuma ya jicho hata akifumba mdomo. Hafukuzi samaki mchana kutwa kama nguru. Hujibanza kwenye gogo, kwenye matete, kwenye kivuli cha gati, akavizia. Kwa hiyo chambo chake lazima kipite mlangoni kwake, na kikipita kifanye jambo litakalomchokoza: kianguke, kishtuke, kigonge jiwe, au kisimame ghafla. Mara nyingi haumi kwa njaa. Wazee wetu walikwisha kusema, hasira ya mkizi furaha ya mvuvi, na besi naye huvuliwa kwa hasira yake.

Anza na minyoo, maana ndiyo mingi na ndiyo inayofundisha. Minyoo ya namna hii ilianza Marekani mwaka 1949, Ohio, kwa mtu aitwaye Nick Creme, na mpaka leo sijaona chambo cha besi kinachoishinda. Siri yake ni namna ya kuivalisha ndoana. Tia kwanza kwenye mshipi ile chubwi ndogo yenye umbo la risasi na tundu katikati, iteleze huru, kisha funga ndoana. Shika mnyoo, choma ncha ya ndoana katikati kabisa ya kichwa, iingie nusu sentimita tu, uitokeze chini. Vuta ndoana yote ipite hapo mpaka jicho lake lizame kichwani. Sasa igeuze ili ncha iutazame mwili. Laza ndoana ubavuni upime ncha itafika wapi, kunja mnyoo kidogo mahali hapo, uchome tena ncha izame ndani ya plastiki. Uachie. Ukinyooka kama ulivyokuwa, umepata. Ukibaki umepinda, chomoa uanze upya, kwa sababu mnyoo uliopinda huzunguka majini kama parafujo na utakusokotea mshipi wote. Ncha ikiwa imefichwa hivyo, unaweza kuuburuta katikati ya matete usinase kitu. Hayo majani unayoyavua Zigi ni kwa sababu ndoana zako ziko wazi.

Ukisha kurusha, usivute. Acha mnyoo uzame huku macho yako yakiwa kwenye mshipi pale unapoingia majini. Wengi huuma wakati unashuka, na hutasikia mshtuko wowote mkononi. Utaona mshipi umecheza kidogo au umekwenda ubavuni. Ukifika chini bila kuguswa, inua fimbo shibiri mbili, ishushe, kaza mshipi uliolegea, ngoja. Ngoja zaidi ya unavyotaka. Siku yangu ya pili pale Naivasha nilirusha vibaya, rili ikazunguka kuliko mshipi ulivyotoka, ukajisokota kama kiota cha mnana. Nikakaa botini kuufungua uzi mmoja mmoja. Mnyoo wenyewe ulikuwa umelala kwenye matope kando ya mafunjo, labda dakika tano, labda sita. Nilipoanza kukaza, mshipi ulikuwa unatembea wenyewe kuelekea kushoto. Alikuwa besi wa kilo moja na nusu, na asubuhi yote ile mimi nilikuwa nimevuta mbio mbio bila kupata hata dagaa.

Zile chubwi zenye nyuzi za mpira ni ndugu wa mnyoo, ila zinaigiza kamba. Naivasha wako kamba wekundu wa maji baridi, asili yao Louisiana, waliotiwa ziwani mwaka 1970, na besi anawapenda mno. Tulikuwa tukichagua nyuzi za kahawia na wekundu, tunaiacha ifike chini kabisa, kisha inatambaa, inaruka kidogo, inatulia. Ukiinua sana umeiharibu, maana kamba haogelei juujuu.

Samaki wa mti wenye ulimi ni kinyume chake, hao ni wa mwendo. Ule ulimi ndio unaowazamisha unapovuta: mrefu na uliolala huzamisha sana, mfupi uliosimama huzamisha kidogo. Watu wengi huwavuta katikati ya maji matupu na kulalamika. Chagua anayefika chini pale ulipo, agonge mawe, achepuke, na kila akigonga wewe simamisha rili kwa pumzi moja. Hapo ndipo huumwa. Mabati yanayozunguka uyaweke kwa maji ya matope, mto ukiwa umejaa wakati wa masika, kwani samaki hata asipoona husikia mtikisiko kwa ule mstari wa ubavuni mwake. Yavute sawasawa, polepole, yazunguke tu.

Vyura ni vya alfajiri na magharibi, maji yakiwa yametulia, juu ya majani na magugu. Rusha, ngoja mpaka duara za maji zipotee zote, ndipo usogeze kidogo. Na sikiliza hili vizuri: maji yakilipuka usikaze papo hapo. Mkono utataka, uzuie. Hesabu moja, mbili, usikie uzito, ndipo ukaze. Nimeshuhudia wageni waliosafiri siku mbili kuja ziwani wakimnyang'anya besi chura mdomoni mara tano kwa asubuhi moja kwa haraka yao.

Sasa ya Tanga. Mtoni kwetu utakutana zaidi na perege na kambale. Perege wengi hula mwani na vijidudu, hawana habari na sanduku lako. Kambale huongozwa na harufu na masharubu yake, na usiku ndio wake. Matumbo ya kuku yatamleta kuliko Texas yote. Lakini samaki wa mti na vile vya mabati chukua uende navyo kwenye midomo ya vijito vya mikoko, maji yanapoanza kupwa na kuwasukuma dagaa nje. Kolekole wadogo hawaviachi. Mzia pia hupita hapo, na kwa meno yake utahitaji shibiri moja ya waya mbele ya chambo, la sivyo sanduku litaisha siku moja. Zile chubwi za nyuzi zishushe kando ya mawe, chewa huzipenda. Badilisha ndoana ndogo za maji baridi uweke nene za baharini, na kila ukirudi suuza vyote kwa maji ya bomba, uanike kivulini. Chumvi hula ndoana za besi kwa wiki moja tu. Ukienda Mto Pangani, simama juu ya ukingo, mbali na maji. Mamba wapo, na mwendo wa kurusha na kuvuta mahali pamoja ndio wanaoupenda kuutazama.

"Bwana fundi, rangi gani ya chambo ni bora? Dukani nimeambiwa ya waridi." (Msomaji, Ngamiani)

Maji maangavu, tumia rangi za kawaida za viumbe: fedha, kijani cha majani, kahawia. Maji machafu, nyeusi au njano kali. Usiku na alfajiri nyeusi, kwa sababu samaki hutazama juu na nyeusi ndiyo inayoonekana dhidi ya mbingu. Zaidi ya hapo usiumize kichwa wala mfuko. Wawili wakitumia rangi moja, anayejua kuutuliza mshipi ndiye atakayekula samaki.

"Mzee wangu, nimesoma kuwa besi hufika kilo kumi. Kwa nini tusiletewe tukamtia Bwawa la Mabayani? Vijana wangepata kazi ya kuwatembeza wageni." (Msomaji, Pongwe)

Kilo kumi ni kweli. George Perry alimvua mmoja kule Georgia, Marekani, tarehe 2 Juni 1932, akamchukua nyumbani familia ikamla, jambo ambalo nami ningelifanya. Rekodi yake ikakaa peke yake miaka 77 hadi Manabu Kurita alipovua wa uzito huo huo katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009, na sasa wanaishika wote wawili.

Lakini mwanangu, angalia hilo Ziwa Biwa. Besi si wa Japani. Alipelekwa, akazaliana, akawala samaki wa kienyeji mpaka mkoa wa Shiga ukaweka sharti mwaka 2003 kwamba atakayemvua besi ziwani asimrudishe majini. Miaka miwili baadaye nchi nzima ikapiga marufuku kumfuga au kumsafirisha akiwa hai bila ruhusa. Wao wanahangaika kumtoa, sisi tukamtie?

Na mfano hauko Japani tu. Sangara alitiwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950. Fedha ameleta, sikatai, viwanda vimejengwa Mwanza. Lakini furu, wale samaki wadogo wa ziwa lile, aina nyingi hazionekani tena. Mito yetu nayo ina watu wake. Yuko perege ambaye wanasayansi wamempa jina la mji wa mkoa wetu kabisa, Korogwe: Oreochromis korogwe. Mama zetu wamempika kwa nazi tangu kabla ya bwawa. Vifaranga vyake vina urefu wa kidole, wanakaa kwenye maji ya kina kifupi penye majani, na hapo hapo ndipo besi anapojibanza. Nimempasua besi tumbo mara nyingi sana, najua ninachokisema: hukuta samaki wadogo wamepangana kama sigara kwenye pakiti.

Kazi ya vijana naitaka kama unavyoitaka wewe. Tuna kolekole, tuna mzia, tuna nguru wakati wa kaskazi, na wageni wa fimbo hulipa vizuri kwa hao. Tatizo letu lilikuwa baruti, iliyovunja matumbawe tuliyoyategemea. Mkiyalinda yaliyobaki, mgeni atakuja.

"Fundi, mimi ni seremala. Naweza kuchonga samaki wa mti mwenyewe, au ni lazima vya Ulaya?" (Msomaji, Pangani)

Unaweza, na ningependa sana ufanye. Hata wao walianzia hivyo hivyo. Lauri Rapala wa Finland, aliyekuwa mvuvi maskini, alichonga chambo chake cha kwanza mwaka 1936 kwa gome laini la kizibo, akakivisha karatasi ya kung'aa ya chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na vanishi aliyeyusha negativu za picha akapaka. Alikuwa ameona kwamba samaki mkubwa humchagua mdogo anayeyumba, aliye dhaifu kidogo kuliko wenzake, na alichonga mpaka mti ukayumba vile.

Mimi hutumia msufi kwa sababu ni mwepesi na kisu hupita. Chonga urefu wa kidole cha kati. Pasua mfereji tumboni toka kichwani hadi mkiani, upitishe waya mmoja mzima wenye vipete mbele, tumboni na nyuma, ili hata mti ukivunjika samaki abaki kwenye waya. Gandisha chubwi ndogo tumboni, karibu na kipete cha ndoana, vinginevyo atalala ubavu. Ulimi kata kwenye plastiki ngumu, CD ya zamani inafaa sana. Ziba, piga msasa, paka rangi, kisha vanishi mara tatu, na kila mara ikauke kabisa.

Mjaribu kwenye pipa au kwenye kidimbwi maji yakipwa. Akikimbilia kushoto, shika kipete cha mbele kwa koleo, ukikunje kulia, kidogo sana, unene wa ukucha. Akizidi kupinduka, ulimi umekaa upande, hapo itabidi uung'oe uugundishe tena. Wangu wa kwanza nilimrekebisha siku nne, na nguru wa nje ya kisiwa cha Yambe alimchukua pamoja na pima kumi za mshipi.

Ukimaliza wako, panda basi uje naye Sahare, baada ya alasiri. Ulizia banda la mashine karibu na wanapoanika dagaa. Pipa ninalo, na koleo ninalo.