Mradi wa mwisho wa DNP: ukiambiwa "pana mno", ukate wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa mwisho wa udaktari wa utendaji wa uuguzi, DNP, na kazi yangu ni wodi ya magonjwa ya ndani. Mradi wangu unahusu kuzuia wagonjwa kuanguka. Nimependekeza semina kwa wauguzi, dodoso kabla na baada yake, na wodi ya jirani iwe kundi la kulinganisha. Msimamizi amenirudishia na maneno mawili tu: "pana mno". Nina miezi minne ya utekelezaji. Nikate wapi, na sampuli ya watu wangapi inatosha?

Jibu: Marahaba. Sampuli iweke kando kwanza, maana ndiyo inayokupoteza njia. Umeandika pendekezo la mtu wa PhD. Yeye anatafuta maarifa mapya yatakayofaa kwingine; wewe unachukua yanayojulikana tayari, unayaingiza wodini, unapima kama yameshika. Waraka wa AACN, chama cha vyuo vya uuguzi vya Marekani, wa mwaka 2015 ulilisema hili waziwazi: mradi wa DNP lazima utekelezwe kazini, utathminiwe, na uwe na mpango wa kuendelea baada ya mwanafunzi kuondoka. Kundi la kulinganisha halimo kwenye masharti hayo, kwa hiyo wodi ya jirani iache ipumzike.

Semina nayo naitilia shaka. Mradi wangu mwenyewe ulikuwa wa semina. Wauguzi walikuja, wakasikiliza, alama za dodoso zikapanda vizuri sana, na wagonjwa wakaendelea kuanguka vilevile. Nilikuwa nimepima kumbukumbu za wauguzi, sikupima usalama wa mgonjwa.

Basi anza na taarifa za matukio, yaani ripoti za wodi za wagonjwa walioanguka. Chukua za miezi mitatu iliyopita, zote, usome moja moja. Tuseme walianguka wagonjwa 9, na wodi hulaza wastani wa watu 28 kwa siku. Siku 90 mara 28 ni siku-mgonjwa 2,520 (mgonjwa mmoja akilazwa siku moja ni siku-mgonjwa moja). Gawa 9 kwa 2,520, zidisha kwa 1,000, unapata 3.6 kwa kila siku-mgonjwa 1,000. Hicho ndicho kiwango chako cha kuanzia. Ukiandika "wagonjwa 9" peke yake hujasema kitu, kwa sababu mwezi wodi ikijaa wataanguka wengi zaidi hata kama huduma haijabadilika.

Kisha tazama saa na mahali. Ukikuta, kwa mfano, 6 kati ya hao 9 walianguka kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri, wakienda chooni peke yao, mradi umeshajikata wenyewe. Huzuii tena "kuanguka hospitalini". Unahakikisha kila mgonjwa aliye hatarini anapitiwa na muuguzi na kusaidiwa kwenda chooni kabla ya saa hizo. Hilo linaingia kwenye sentensi moja, na muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kukuambia papo hapo kama linawezekana au unaota.

Sasa turudi kwenye idadi. Kuanguka ni tukio la nadra. Wakishuka kutoka 9 hadi 6 kwa miezi mitatu, inaweza kuwa mradi wako, inaweza kuwa bahati, na hakuna hesabu itakayokuokoa hapo. Kwa hiyo kipimo cha kila wiki kiwe cha utekelezaji: kati ya wagonjwa waliokuwa hatarini, asilimia ngapi walipitiwa kweli? Kipime wiki kadhaa kabla ya kuanza, zipange namba za wiki hizo kutoka ndogo hadi kubwa, chora mstari wa grafu kwenye ile ya katikati (median), halafu endelea kuweka nukta moja kila wiki. Nukta sita au zaidi zikifuatana upande mmoja wa mstari, kuna kitu kimebadilika. Kiwango cha kuanguka kiripoti vilevile, ila usiahidi kupungua kwa nusu. Na ongeza kipimo kimoja cha madhara: je, wagonjwa wanalalamika kuamshwa? Hiki wengi hukisahau, na hapo ndipo wauguzi wa usiku wanapouchoka mradi.

Kamati ya maadili usiiruke kwa kujiambia kwamba huu ni uboreshaji wa huduma tu. Huenda ni kweli, lakini mwenye kuamua ni kamati, na barua yake uwe nayo kabla hujakusanya takwimu za mradi. Kwa hizo taarifa za matukio, ruhusa ya mkuu wa wodi kwa maandishi ipatikane kwanza, na majina ya wagonjwa yasitoke wodini.

Miezi minne usiitumie kama kipande kimoja. Jaribu na muuguzi mmoja, usiku mmoja. Asubuhi muulize nini kilimkwamisha, rekebisha, kisha usiku wa pili. Mara nyingi kikwazo ni kitu kidogo tu, kama orodha ya walio hatarini kukaa ofisini badala ya kutajwa wakati wa kukabidhi zamu.

Msimamizi usimpelekee pendekezo jipya bado. Mpelekee ukurasa mmoja: kiwango cha sasa, saa na mahali, ile sentensi moja, na jina la mtu wa wodi atakayeendelea nayo ukishahitimu. Hilo la mwisho likikosekana, atakurudishia tena.