Unaimba bendi na unataka albamu yako? Soma hii kwanza

Juzi kuna dada kaniandikia inbox, anaimba bendi moja huko Mwanza, anasema shikamoo kaka, nimesikiliza albamu yako mwanzo mwisho, na mimi nataka kutoka na yangu, nianzie wapi? Nimeona nijibu hapahapa maana najua mko wengi, mnaimba kila wikendi mpaka usiku wa manane, watu sauti zenu wanazijua ila majina hawayajui.

Marahaba mdogo wangu. Kwanza mniache nifurahi kidogo jamani. Albamu imetoka na imepokelewa, nusu tungo zangu mwenyewe, nusu zilipendwa za miaka ya 1970 na 1980 nimezirudia kwa sauti yangu, na wazee wananipigia simu mpaka napata kigugumizi, kuna dereva wa daladala kaniambia kaiweka kwenye flashi anaipiga kutwa na abiria hawalalamiki. Wale walioniambia muziki wa dansi umekufa, nani atanunua, sasa hivi kimya.

Mi nimelelewa na redio. Nyumbani kwetu Temeke jioni ilikuwa Radio Tanzania tu, bendi ya Msondo ile iliyoanzia NUTA Jazz mwaka 1964, bendi ya Sikinde iliyoanza 1978, mama anakaanga samaki huku anaitikia. Nikakua, nikaingia bendi, nikaimba miaka na miaka, na mle ndani nikatunga nyimbo zikapigwa redioni watu wakazicheza kwenye maharusi. Siku nilipoaga nikaambiwa nyimbo zote ni mali ya bendi, nisithubutu kuziimba popote. Nikaitwa msaliti mbele ya wenzangu. Hivi leo kuna mtu tulikuwa tunakula naye sahani moja akiniona Kariakoo anavuka barabara. Inauma, na bado inauma, albamu haijaifuta hiyo.

Ndo maana ushauri wangu wa kwanza hauhusu studio kabisa. Tungo zako ziandikishe COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kwa jina lako ukiwa bado uko kwenye bendi, usisubiri mgombane. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ni ya 1999, na haki ya utunzi inaanzia kwa mtunzi labda kama umesaini kumpa mtu mwingine. Kwahiyo soma unachosaini. Na mkikubaliana kitu na kiongozi wa bendi kiandikeni, hata kama ni mjomba wako. Andikeni.

Sasa zilipendwa, hapa ndo vijana wengi mnakosea. Mnadhani wimbo ukishakuwa wa zamani ni wa wote. Sio hivyo. Kwa sheria yetu haki ya mtunzi inaishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Mwanamuziki Marijani Rajab alifariki 1995, maana yake tungo zake zina wenyewe mpaka mwisho wa 2045. Mbaraka Mwinshehe aliondoka kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, tungo zake ni mpaka mwisho wa 2029. Kuna familia nyuma ya zile nyimbo, kuna watoto na wajukuu.

Na mjue wale wazee waliishije. Kiwanda cha santuri hapa kwetu hakikuwepo, santuri zilikuwa zinatoka Nairobi, mpaka na Kenya ukafungwa 1977 na njia ikawa ngumu zaidi. Ilibaki studio ya Radio Tanzania pale Pugu Road, bendi nzima inaingia, wanapiga kwa pamoja, mmoja akikosea mnarudia wimbo wote, na tepu inabaki redioni. Nchi nzima inaimba wimbo wako na wewe kesho yake unatembea kwa miguu kwenda mazoezini. Kwahiyo ukienda kuomba ruhusa na ukatoa chochote usijione unafadhili mtu, unalipa deni ambalo sote tuliocheza tunadaiwa.

Mimi nilienda. Wimbo mmoja mtunzi wake ni marehemu, nikatafuta mpaka nikampata binti yake, mama mtu mzima sasa, nikamchezea kwenye simu ile tuliyorekodi kwa majaribio. Akaiweka simu sikioni akafumba macho. Ilipofika katikati, pale nilipokuwa nashusha maneno juu ya gitaa, akanizuia kwa mkono, akasema hapo baba alikuwa anakaa kimya, anaacha gitaa la solo liongee. Nilirudi studio nikatoa sauti yangu yote kwenye kile kipande, na ndo sehemu ambayo watu wananitajia kuliko zote. Tuliandikiana karatasi, mgao uko wazi, na jina la mtunzi kwenye kava liko kamili mpaka la babu.

Kingine, usiige sauti ya marehemu. Bendi tumezoea kukopi, unaambiwa imba kama fulani na ukifanikiwa unashangiliwa, lakini kwenye albamu yako mtu kakufuata wewe. Mi nyimbo mbili nilizishusha chini kidogo ili nisipige kelele, wapiga magitaa wakanuna, nikawaambia tulieni, na sasa hivi wao ndo wanazipenda.

Na msikubali kukatiwa chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo inayochangamka watu wakacheza. Prodyuza atakwambia wimbo uwe dakika tatu redio hazitaki zaidi. Mtengenezee ya redio fupi, sawa, ila kwenye albamu acha wimbo uchemke mpaka mwisho, dansi bila chemko ni salamu bila kuitikiwa. Halafu rekodini kwa pamoja kama inawezekana. Sisi tulimwekea mzee wetu wa tumba ile kliki ya kuhesabia mapigo kwenye hedifoni, akasikiliza kidogo, akazivua akazilaza kwenye goti, akasema mwanangu huyu anayenigongea humu hachezi. Tukazima. Drams wakamfuata mzee, besi akafuata drams, domo la bata, yaani saksofoni, likaingia, na ule wimbo tukaumaliza kwa mkupuo mmoja.

Jamani, waimbaji wenzangu, muwaheshimu wapigaji wenu. Sisi ndo tunaoonekana mbele, tunatuzwa, tunapigwa picha, na mpiga gitaa la ridhim aliyekubeba usiku kucha anaondoka na nauli tu. Kama wewe umelia kwa kunyimwa haki yako basi mwenzako usimfanyie hivyohivyo. Kwenye albamu yangu kila aliyegusa chombo alilipwa kabla wimbo haujapelekwa kwenye miksi, na jina lake liko kwenye kava pamoja na chombo alichopiga, kuanzia solo mpaka aliyetikisa kayamba.