Kwa mwanangu aliye Hamburg

Mwanangu mpenzi,

Swali lako limenikaa moyoni tangu Ijumaa. Unasema wenzako huko wanakuuliza, "Nyinyi Waswahili hasa ni nani, Waarabu au Waafrika?" nawe unataka nikutajie vitabu vya mambo ya kweli, si riwaya.

Anza na Kumbukumbu za Bibi Salme, maana uko katika mji aliouhamia. Binti huyu wa Sayyid Said, sultani wa Unguja, aliondoka kwao 1866, akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete. Kitabu chake kilitoka 1886, na mwenyewe anasema alikianza kwa ajili ya wanawe, wajue mama yao katoka wapi. Utotoni alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mahali hapo hunitoa machozi. Lakini kisome kwa macho mawili: anautetea utumwa, na waliomtumikia hawakuachiwa nafasi ya kuandika cha kwao.

Kwa hiyo kifuatishe na Wasifu wa Siti binti Saad, wa Shaaban Robert. Siti, mwimbaji wa taarabu, alizaliwa Fumba, Unguja, kwa wafinyanzi, katika ukoo uliopitia utumwa. Alitembeza vyungu akinadi kwa sauti ile ile iliyomfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili. Walimkebehi kwa ushamba na kaniki yake, naye akawajibu kwa kuimba.

Ukitaka ngoma, harusi na majina ya watoto, tafuta Desturi za Waswahili, cha 1903. Jina lililotangulizwa ni la Mjerumani Carl Velten, ila mwandishi wake mkuu ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyefundisha Kiswahili Berlin.

Sasa la kwetu. Bibi yako alikuwa akisema asili yetu ni Shihiri, huko Uarabuni, na sisi tukaitikia. Si uongo, ila ni upande mmoja tu. Mama yake alikuwa mfinyanzi, mjukuu wa watumwa, na hilo nyumbani halikutajwa. Nimechelewa kukwambia, unisamehe.

Kitabu cha Siti nimempa shangazi yako, anasafiri mwezi ujao. Ndani ya jalada nimeandika jina la yule mfinyanzi.

Mama yako