Kabla hujaunganisha tawi, mtafute mwenye mashine kuukuu

Kijana mmoja wa Wete kaniandikia wiki iliyopita. Amemaliza kipengele kikubwa kwenye programu huria ya kuendeshea mashine ya kuchongea, wenziwe wanamhimiza akitoe kwenye tawi lake, yaani nakala ya pembeni anayofanyia kazi, akiunganishe na tawi kuu, yaani msimbo wanaoutumia wote, naye anauliza: "Kaka, nitajuaje kuwa kimeiva?"

Sote hapa tunataka kazi zetu zitumike na watu, basi sikilizeni.

Karakana yetu ya Mwanakwerekwe inachonga milango ya nakshi kwa LinuxCNC, programu yenye asili yake NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani. Daraja la mashine yetu, yaani boriti inayobeba kisu juu ya meza, linavutwa na mota mbili, moja kila upande. Zamani programu ilichanganya kiungo, yaani kila mota peke yake, na mhimili, yaani uelekeo wa mwendo, na mota mbili kwenye mhimili mmoja zilikuwa taabu tupu. Wenye kuiandika programu wakaja kuvitenganisha. Kazi hiyo ilikaa miaka kwenye tawi lake hadi ikatoka rasmi na toleo la 2.8, mwaka 2020. Na watumiaji wa zamani hawakutupwa: ukiwasha na faili la mipangilio la zamani, programu inakubadilishia liwe la mtindo mpya, na la awali inakuwekea.

Sisi karakana chache tunashirikiana nyongeza zetu, na tawi kuu nalishika mimi. Mwenzetu aliandika nyongeza ya kulinyoosha daraja linapotafuta sifuri, yaani linapokwenda mahali pake pa kuanzia kupima. Kazi safi, sikatai. Akataka iingie kabla ya oda za Idi. Nikakataa. Nikaitwa muoga mbele za watu, na mwengine akasema nawaonea vijana wivu. Neno lile linanichoma hadi leo.

Nikaipeleka kwa mzee mwenye mashine kuukuu kuliko zetu zote. Kisu tulikitoa. Tukaamuru itafute sifuri: mota ya kushoto ikaenda mbele, ya kulia ikarudi nyuma, daraja likapinda mpaka reli ikalia. Mzee akapiga kitufe chekundu. Kwake mota moja imefungwa kinyume, na nyongeza ilichukua kipimo cha mota ya kwanza, pamoja na uelekeo wake, ikakitumia kwa zote mbili. Kwenye mashine zetu kosa lile lisingeonekana kamwe.

Likarekebishwa, nikaunganisha kwa mkono wangu. Mwezi huu mzee kachonga mfaa mzima, ule mti wa katikati ya mlango, kwa toleo jipya, na nakshi yake ya minyororo imenyooka juu hadi chini.

Kwa hiyo vijana, msimbo mzuri hautoshi. Anzeni na mashine ya kuigiza, ya ndani ya kompyuta tu, LinuxCNC inayo. Halafu mashine halisi bila kisu. Halafu mpeni mwenye mashine kuukuu, na muwe mbali. Akishindwa kuhamia toleo jipya bila ya kukupigia simu, kipengele hakijaiva. Wala usiharakishwe na mtu ambaye mbao zitakazoharibika si zake!

Wewe wa Wete, liache tawi lako wazi, na kila mara livutie mabadiliko ya tawi kuu lisije likaachwa nyuma. Ulizia karakana za Chake na Mkoani nani ana mashine ya zamani. Ukimpata, niletee faili lake la mipangilio ili nilijaribu huku kwetu kabla hujaunganisha chochote.