Kushika kwa nguvu na kuchagua, ni kitu kimoja?

SWALI: Habari zenu wahariri. Nasoma bayolojia, maabara tumepima protini yetu ikaonekana inashika kipande chake cha DNA kwa nguvu sana, Kd (kiwango cha protini kinachotosha kushika nusu ya vipande, kikiwa kidogo mshiko ni mkali) nanomola 1, sasa mwalimu akauliza "na uchaguzi wake je?" nikabaki kimya. Jamani si ni kitu kimoja?

JIBU: Hapana ndugu yangu, na umefanya vizuri kuuliza. Hiyo nanomola 1 inakwambia inashika kwa nguvu kiasi gani, basi. Uchaguzi ni inapendelea kipande chake kuliko DNA nyingine kiasi gani. DNA ina chaji hasi mwili mzima, na protini za aina hii huwa na sehemu zenye chaji chanya, kwahiyo kunata kidogo kupo popote.

Tuseme kwingine kote inashika kwa nanomola 1,000. Tofauti mara elfu, unaona inatosha eeh? Haya iweke ndani ya bakteria E. coli, jenomu yake (DNA yake yote) ina jozi za herufi (A, T, G, C) kama milioni 4.6, yaani sehemu za kutua milioni 4.6 dhidi ya moja, gawa kwa 1,000 na bado DNA nyingine yote kwa pamoja inaivuta mara 4,600 kuliko sehemu yake yenyewe. Protini ikiwa moja tu itakaa huko kwingine karibu muda wote!

Kwahiyo uchaguzi upime kwenye jeli, ambamo umeme unavuta DNA ishuke. DNA yenye alama (ya kuifanya ionekane) ikiwa tupu inakimbia chini, ikishikwa na protini inachelewa, mstari unabaki juu. Sasa mwagia DNA isiyo na alama uliyoibadilisha herufi moja, angalia inatakiwa kiasi gani mpaka ule mstari wa juu ufifie, halafu linganisha na ile ambayo hujaibadilisha. Rudia kila nafasi. Inachosha kweli, ila hapo ndo unaona protini inajali herufi ipi na ipi haiijali kabisa, mi naona hakuna kipimo kitamu kama hiki. Na chumvi usiiguse katikati ya kazi, maana ikipanda, kule kunata ovyo kunalegea haraka kuliko mshiko wa kweli, uwiano wako unaharibika.

Ukichoka kuna SELEX, ipo tangu 1990, unaipa protini vipande vingi vya nasibu inajichagulia.

Halafu piga hesabu ya biti (biti moja ni kuchagua kimoja kati ya viwili), herufi ni nne kwahiyo kila nafasi haizidi 2. EcoRI, kimeng'enya kinachokata DNA, inataka GAATTC, herufi sita, biti 12, ambayo kwa bahati tu inatokea mara moja kila herufi 4,096. Kupata sehemu moja pekee kwenye milioni 4.6 unahitaji kama biti 22.